Kusanifu data ya taasisi huku taarifa muhimu hazipo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Viwango vya usanifu vimeandikwa kana kwamba kila kitu kinamsubiri msanifu mezani. Chukua TOGAF, kiwango cha usanifu wa taasisi cha shirika la The Open Group. Usanifu wa data, yaani mpango wa data gani taasisi itatunza, itakaa wapi na itasafiri vipi, umo katika Awamu C, baada ya maono ya usanifu katika Awamu A na usanifu wa biashara katika Awamu B. Ukifika C unatarajiwa uwe na kanuni za usanifu, hati ya kazi iliyoidhinishwa, na maelezo ya shughuli za taasisi zilivyo leo na zinavyotakiwa kuwa. Kwenye kazi halisi unafika C ukiwa na slaidi chache, mchoro wa mifumo wa mtu aliyekwisha hama, na tarehe ya kukabidhi.

Hapo wengi huangukia upande mmoja kati ya miwili. Wapo wanaosimamisha kazi mpaka nyaraka zije. Wapo wanaojaza mapengo kimyakimya kwa kile walichokizoea kwenye taasisi waliyotoka. Wa kwanza wanaudhi, lakini angalau kukwama kwao kunaonekana. Wa pili ndio wanaoleta hasara, kwa sababu miezi michache baadaye hakuna anayekumbuka kwamba ule mstari kwenye mchoro ulikuwa kisio tu.

Njia inayoelezwa hapa ni nyingine. Kila pengo lipewe jina, lipimwe uzito na litafutiwe ushahidi. Lisipozibika, liingie kwenye usanifu likijulikana wazi kuwa ni kisio, na liwe na mtu wa kulijibu na tarehe ya kujibiwa.

Hatua ya 1: Anza na maamuzi, nyaraka zije baadaye

Mazoea ni kuanza na orodha ya nyaraka: tunahitaji kamusi ya data, michoro ya michakato, sera ya uhifadhi. Ukiituma orodha hiyo kwenye idara zote, majibu mengi yatakuwa "tunaifanyia kazi", nawe hutajua ipi kati ya hizo inakukwamisha kweli.

Geuza mpangilio. Andika kwanza maamuzi ambayo usanifu wa data lazima uyatoe, na chini ya kila uamuzi andika unachohitaji kujua ili uutoe. Kwa taasisi nyingi maamuzi makubwa ni haya:

- Rekodi rasmi ya kila kitu kikuu (mteja, bidhaa, mkataba, mfanyakazi) itakaa katika mfumo upi?
- Kitu hicho kitatambuliwa kwa namba gani kinapovuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine?
- Data itasafiri kati ya mifumo kwa mwendo gani: papo hapo, kila saa, au mara moja usiku?
- Nani ataruhusiwa kuunda, kusoma, kubadili na kufuta?
- Historia itatunzwa kwa kina gani, kwa muda gani, na itafutwa vipi?

Orodha hii ikikamilika, utaona kwamba baadhi ya nyaraka ulizokuwa ukizidai kwa nguvu hazigusi uamuzi wowote. Ziache. Utaona pia kwamba swali moja dogo, kwa mfano "je, tawi ni mteja?", linashikilia maamuzi matatu kwa mpigo.

Hatua ya 2: Jua pengo ni la aina gani

Neno "haipo" linaficha hali nne, na kila moja inatibiwa kivyake.

Kuna taarifa iliyopo ila haijakufikia. Iko kwenye kompyuta ya mtu, kwenye mkataba uliofungiwa idara ya sheria, au kwa kampuni iliyouza mfumo. Hii ni kazi ya kufuatilia. Mpe meneja wa mradi jina la mtu na tarehe, kisha uendelee na mengine.

Kuna taarifa iliyoko vichwani mwa watu. Hakuna aliyewahi kuiandika, lakini yupo karani wa siku nyingi anayejua kwamba wateja wenye namba zinazoanza na 9 si wateja hata kidogo, ni akaunti za majaribio zilizosahaulika. Hata ukisubiri mwaka mzima, nyaraka ya jambo hilo haitakuja. Inabidi ukae na yule karani.

Kuna taarifa mbili zinazopingana. Idara ya mauzo inasema mteja ni yeyote aliyesajiliwa, na idara ya fedha inasema ni yule aliyekwisha lipa walau mara moja. Kila upande una ripoti za kuthibitisha. Usiwe mwamuzi wa kutaja mshindi. Mara nyingi pande zote mbili ziko sahihi, maana zinazungumzia vitu viwili vilivyopachikwa jina moja. Vipe majina mawili, mathalani "aliyesajiliwa" na "mlipaji", na ugomvi wa miaka mingi unaweza kuisha kwenye kikao kimoja.

Hali ya nne ndiyo inayokula muda kuliko zote: hakuna taarifa yoyote ya kutafutwa, kuna uamuzi ambao haujatolewa. Unauliza "rekodi za miamala zinahifadhiwa muda gani?" ukidhani jibu limeandikwa mahali fulani. Halipo popote. Idara ya sheria inakuelekeza kwa fedha, fedha kwa TEHAMA, TEHAMA inakurudisha sheria. Ukiona danadana ya namna hiyo, jua kwamba unaomba taarifa kwa watu ambao kazi yao ni kuamua, na hakuna aliyewaambia hivyo. Badili maneno. Badala ya swali, peleka pendekezo la ukurasa mmoja: tunapendekeza miaka kadhaa, isiyopungua ile inayotakiwa na sheria, kwa sababu hizi, muda mfupi zaidi una hatari hizi, mrefu zaidi una gharama hizi, na tusipopata uamuzi kufikia tarehe fulani tutajenga kwa pendekezo hili. Anayepokea anaweza kukubali au kukataa, ila hawezi tena kukuelekeza kwa mwingine.

Hatua ya 3: Jikosee kwa makusudi

Kabla ya kuhangaika na pengo, pima kama linastahili. Njia rahisi ni kuweka kisio lako, kulikosea kwa makusudi mara kumi, na kuangalia kama uamuzi unabadilika.

Tuseme hakuna anayeweza kukupa idadi ya miamala. Unakisia 200,000 kwa siku, na kila rekodi ni kilobaiti 1. Hiyo ni megabaiti 200 kwa siku, kama gigabaiti 73 kwa mwaka, na wastani wa miamala 2.3 kwa sekunde. Sasa jikosee mara kumi: milioni 2 kwa siku, gigabaiti 730 kwa mwaka, miamala 23 kwa sekunde. Ongeza hapo kwamba saa ya msongamano ni mara kumi ya wastani, upate 230 kwa sekunde. Hifadhidata moja ya kimahusiano (inayopanga data katika majedwali yanayorejeleana) kwenye seva nzuri bado inaubeba mzigo huo. Uamuzi haujasogea. Jikosee mara mia: milioni 20 kwa siku, terabaiti 7.3 kwa mwaka, na kilele cha miamala zaidi ya 2,300 kwa sekunde. Sasa mazungumzo ya kugawa majedwali na kuhamisha data ya zamani kwenye hifadhi nafuu yana maana.

Kwa hiyo huhitaji idadi kamili. Unahitaji kujua kama taasisi iko chini ya milioni 2 kwa siku, na swali hilo mtu yeyote wa shughuli atalijibu akiwa amesimama.

Linganisha na kisio linaloonekana dogo: kwamba namba ya simu inamtambulisha mteja mmoja tu. Likikosewa kidogo, kwa familia zinazotumia simu moja au namba iliyopewa mtu mwingine baada ya kuachwa, rekodi za watu wawili zinaunganishwa kuwa moja. Kuzitenganisha baadaye ni shida kubwa, kwa kuwa historia zimeshachanganyika na hakuna alama inayoonyesha muamala upi ulikuwa wa nani.

Basi kila pengo liulize mambo mawili: linabadili uamuzi? Uamuzi huo ukishajengwa, kuubadili ni ghali? Yale yenye "hapana" mbili yape kisio la haraka uendelee. Yenye "ndiyo" mbili ndiyo yanayostahili jasho lako. Utambulisho wa vitu vikuu, utunzaji wa historia na data binafsi karibu kila mara huangukia humo.

Hatua ya 4: Ihoji mifumo yenyewe

Watu wakikaa kimya, mifumo inazungumza. Omba ruhusa ya kusoma tu, ikiwezekana kwenye nakala badala ya mfumo unaofanya kazi, na uhakikishe data binafsi imefichwa au umepewa idhini ya kuiona. Kisha anza.

*Katalogi ya hifadhidata.* Majedwali ya `information_schema`, yaliyoingizwa kwenye kiwango cha SQL mwaka 1992, yanapatikana katika programu za hifadhidata kama PostgreSQL, MySQL na SQL Server. Oracle ina mionekano yake yenye kazi hiyo hiyo. Humo utapata majina ya majedwali, safuwima, aina za data na funguo (safuwima zinazotambulisha kila rekodi). Kwa saa chache una rasimu ya kamusi ya data ambayo barua pepe za mwezi mzima zisingekuletea.

*Uhusiano ambao haukutangazwa.* Mifumo mingi ya kununuliwa haitangazi funguo za kigeni (safuwima zinazorejelea ufunguo wa jedwali jingine) kwenye hifadhidata, uhusiano umo ndani ya msimbo wa programu. Unaweza kuubaini kwa kupima kama kila thamani ya safuwima moja inapatikana katika ufunguo wa jedwali jingine. Tahadhari hapa: namba ndogo zinazoanzia 1 zitaingia ndani ya karibu kila ufunguo wa mfululizo. Safuwima ya "idadi ya vitu" itaonekana kana kwamba inarejelea jedwali la wateja, ilhali hazina undugu wowote. Linganisha majina ya safuwima na mtawanyiko wa thamani kabla ya kuamini.

*Thamani zenyewe.* Kwa kila safuwima muhimu hesabu zilizo tupu, zilizo tofauti, ya chini kabisa na ya juu kabisa. Tarehe 1900-01-01, 1970-01-01 na 9999-12-31 zikijitokeza kwa wingi, karibu kila mara zina maana ya "hatujui" au "bado" zilizovaa nguo ya tarehe. Usizihesabu kama data.

Angalia kwa makini zaidi safuwima za hali. Hati ya mahitaji inasema ombi lina hali tano; jedwali lina kumi na nne. Hizo tisa za ziada ni mchakato wa kazi ambao hakuna aliyekuchorea. Kama mfumo unatunza muda wa kila badiliko, panga mabadiliko hayo kwa mfuatano uone maombi yanapita wapi hasa, yanarudi nyuma wapi na yanafia wapi. Kwangu mimi hakuna chanzo kinachoziba pengo la Awamu B kwa uaminifu kuliko hiki, na nashangaa kwa nini wasanifu wengi hukimbilia warsha kabla ya kukigusa.

*Matumizi.* Katika PostgreSQL, `pg_stat_user_tables` huonyesha kila jedwali limesomwa na kuandikwa mara ngapi tangu takwimu zilipofutwa mara ya mwisho. Jedwali lenye sifuri kila mahali laweza kuwa limekufa. Laweza pia kuwa linasomwa kwenye nakala ya kusomea, ambayo usomaji wake hauhesabiwi kwenye seva kuu, au linatumika wakati wa kufunga hesabu za mwaka peke yake. Usitangaze kifo cha jedwali kabla mzunguko mzima wa shughuli haujapita, au kabla hujamuuliza mhasibu.

*Miunganiko iliyojificha.* Orodha ya akaunti zinazoingia kwenye hifadhidata, na anwani za seva zinakotokea, hukuonyesha mifumo inayovuta data bila kuwemo kwenye mchoro wowote. Ongeza ratiba za kazi za usiku, folda za kubadilishana faili, ripoti zinazotumwa zenyewe kwa barua pepe. Mara nyingi mwisho wa njia hizo kuna faili la Excel ambalo idara nzima inaliegemea, na ambalo kisheria halipo.

*Wakaguzi na sheria.* Ripoti za ukaguzi wa ndani zina orodha ya mapungufu ya data iliyoandikwa na mtu asiye na sababu ya kupamba. Zisome. Taasisi zilizo chini ya kanuni ya GDPR ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, nyingi zinatakiwa na kifungu cha 30 kutunza kumbukumbu za shughuli za uchakataji wa data binafsi: malengo, aina za data, wanaopewa, na pale inapowezekana muda wa kufuta. Kumbukumbu hizo ni nusu ya kazi yako zikiwa zimeandikwa vizuri, lakini kwa kuwa ziko idara ya sheria, watu wa TEHAMA hawazikumbuki. Kwa benki kubwa, kanuni za Kamati ya Basel ya usimamizi wa benki za Januari 2013, maarufu kama BCBS 239, zinataja usanifu wa data waziwazi katika kanuni ya pili. Taasisi isiyo na kanuni zake za usanifu inaweza kuanzia hapo badala ya karatasi tupu.

Mpaka wa ushahidi huu ujulikane: mifumo inaeleza kilichopo. Kinachotakiwa kuwapo haikijui.

Hatua ya 5: Peleka rasimu, usipeleke fomu

Ukimtumia mkuu wa idara fomu ya maswali arobaini, itakaa. Ukimpelekea mchoro wa nusu ukurasa unaosema "hivi ndivyo tulivyoelewa kazi yenu", atashika kalamu, kwa sababu kuna kosa humo na hawezi kuliacha lipite.

Chukua rekodi halisi tano au sita, majina yakiwa yamefichwa, mpitie pamoja. "Hii kwa nini haina tarehe ya kufungwa?" Swali la namna hiyo huvuta historia nzima. Na umtafute anayerekebisha takwimu kila mwisho wa mwezi kabla ripoti hazijapanda juu. Katika chati ya taasisi yuko chini, ila kwa kujua data ilivyo huenda hana mwenzake.

Hatua ya 6: Fungua daftari la makisio

Kilichobaki bila jibu baada ya hatua mbili zilizopita kinaingia kwenye daftari. Lahajedwali inatosha, usinunue programu kwa hili. Ingizo moja laweza kuonekana hivi:

- Namba: K-17
- Kisio: Kila mkataba una mteja mmoja tu anayewajibika.
- Ushahidi: Katika mfumo wa mikataba kila rekodi ina namba moja ya mteja.
- Udhaifu wa ushahidi: Fomu ya mfumo ina nafasi moja tu ya mteja, kwa hiyo hata mikataba ya watu wawili ingeonekana hivyo hivyo.
- Maamuzi yanayolitegemea: Uhusiano wa mteja na mkataba; hesabu ya madeni kwa kila mteja.
- Likianguka: Tutahitaji jedwali la kiungo (la kuunganisha mkataba mmoja na wateja kadhaa), na ripoti ya madeni itabadilika.
- Kipimo: Tafuta kwenye safuwima ya maelezo maneno kama "pamoja na", "kwa niaba ya", "mdaiwa wa pili".
- Mwenye jibu: Mkuu wa idara ya mikataba
- Lijibiwe: Kabla ya kuidhinisha modeli ya kimantiki (mchoro wa vitu vikuu na uhusiano wake)

Mstari wa udhaifu ndio wengi huuruka, na ndio wenye thamani. Data inayotoka kwenye mfumo imepita kwenye kizuizi cha mfumo huo. Kuona kwamba jambo fulani halimo kwenye hifadhidata hakuthibitishi kwamba halitokei duniani, huenda mfumo haukuwa na mahali pa kuliandika, na makarani wakalisokomeza kwenye maelezo.

Mwenye jibu awe mtu wa shughuli, mwenye cheo kinachojulikana. "Timu ya mradi" si mtu. Na msanifu asiwe mwenye jibu wa kisio alilolianzisha mwenyewe.

Hatua ya 7: Chora kwa namna inayovumilia kukosea

Pengo likibaki wazi, usanifu wenyewe unaweza kuchukua sehemu ya mzigo. Mambo machache hugharimu kidogo leo na huokoa mengi:

Tumia ufunguo wa ndani usio na maana yoyote kwa kila kitu kikuu, na utunze jedwali la ulinganifu linaloonyesha kitu hicho kinaitwaje katika kila mfumo. Simu, barua pepe na namba za vitambulisho ziwe sifa, zisiwe ufunguo. Utambulisho ukija kueleweka vizuri, utarekebisha jedwali la ulinganifu bila kugusa mengine.

Hifadhi data ghafi kama ilivyowasili, kabla ya kuisafisha. Kanuni ya usafishaji iliyojengwa juu ya kisio baya inaweza kuendeshwa upya. Data iliyotupwa hairudi. Hili lina mipaka yake kwa data binafsi, ambayo haifai kulimbikizwa kwa sababu tu "huenda tukaihitaji".

Usipojua kama historia itatakiwa, weka tarehe za kuanza na kukoma kutumika kwenye majedwali ya vitu vikuu. Historia ambayo haikutunzwa haitengenezwi baadaye kwa fedha yoyote, ilhali ile iliyozidi unaweza kuipuuza.

Kiasi cha fedha kiandamane na msimbo wa sarafu wa ISO 4217 hata kama leo sarafu ni moja, nchi zitumie misimbo ya ISO 3166, na muda utunzwe kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia) pamoja na eneo la saa la asili. Haya hayana mjadala, yapitishe haraka.

Kuna mtego hapa. Baadhi ya wasanifu, wakikosa taarifa, hukimbilia unyumbufu usio na ukomo: jedwali moja kubwa lenye safuwima tatu, kitu, sifa na thamani, ambalo linaweza kubeba chochote. Linaonekana busara. Kwa kweli ni uamuzi uliokimbiwa: kanuni zote za ubora zinahamia kwenye msimbo, kila ripoti inalazimika kuunganisha majedwali mara nyingi kwa namna isiyosomeka, na baada ya muda hakuna anayejua sifa zipi ni halali. Mimi huona kisio la wazi lenye umbo dhahiri, hata likiwa na hatari ya kuanguka, ni afadhali kuliko umbo lisilosema lolote.

Na kuna sehemu ambazo hazikisiwi hata kidogo. Msingi wa kisheria wa kuchakata data binafsi, ruhusa ya kuihamishia nchi nyingine, na muda wa kisheria wa kutunza rekodi za fedha: hapo simamisha kipande hicho peke yake, andika kwamba kimesimama na kwa sababu ya nani, na uendelee na vingine.

Hatua ya 8: Onyesha mashimo kwenye kamati

Siku ya kuwasilisha, kishawishi ni funika kombe mwanaharamu apite: mistari yote iwe imara, rangi zote zipendeze. Kamati itaidhinisha, kisha kisio likianguka itauliza kwa nini haikuambiwa.

Chora tofauti. Kilichothibitishwa kiwe na mstari kamili. Kilichokisiwa kiwe na mstari wa vidoti pamoja na namba yake ya daftari, mfano K-17, pale pale kwenye mchoro. Kilichosimamishwa kiachwe sanduku tupu lenye jina. Mchoro wa namna hii haupendezi sana, lakini mkurugenzi anayeuona hupata swali moja la haraka la kuuliza: nani anashikilia hizi nukta? Mara nyingi aliyekuwa akikupiga chenga kwa wiki kadhaa huwa amekaa kwenye chumba hicho hicho.

Omba idhini kwa vipande. "Sehemu ya bidhaa na bei imekamilika, idhinisheni. Sehemu ya wateja inasubiri K-04 na K-17." Kazi isiyo na mgogoro inasonga mbele bila kungoja yenye mgogoro.

Hatua ya 9: Yakague makisio mpaka yaishe

Daftari lisilosomwa ni mapambo. Kila wiki, au kila kipindi cha kazi kama timu yenu inafuata mizunguko mifupi, pitieni makisio ambayo tarehe zake zimefika. Kila moja liishie mahali pamoja kati ya patatu: limethibitishwa na ushahidi umeambatanishwa, limeanguka na maamuzi yaliyolitegemea yamefunguliwa upya, au limeongezewa muda, na aliyekubali kuongeza ametia sahihi yake. Kuongezewa mara ya pili ni dalili kwamba lile si pengo la taarifa, ni uamuzi usiotolewa. Lirudishe Hatua ya 2 kama aina ya nne na ulipeleke juu kwa umbo la pendekezo.

Kisio likianguka, usibadili mchoro tu. Tunza kumbukumbu fupi ya uamuzi: hali ilikuwaje, tuliamua nini, kimefuata nini. Mtindo huu wa kumbukumbu fupi ulienezwa na Michael Nygard mwaka 2011 kwa usanifu wa programu, na unafaa data vile vile. Atakayekuja baada yako ataona kwamba umbo la zamani lilikuwa na sababu yake, wala hatalirudisha kwa kudhani limesahaulika.

Yapo makisio yatakayofika mpaka kwenye mfumo unaofanya kazi yakiwa bado hayajajibiwa. Hayo yageuze kuwa kanuni za ubora wa data zinazoendeshwa kila usiku. K-17 inakuwa ukaguzi unaotafuta, katika mikataba mipya ya siku hiyo, kila wenye dalili za mteja wa pili. Arifa ikitokea isiishie kwa TEHAMA, ambao wataiona kama hitilafu na kuisafisha. Iende moja kwa moja kwa mkuu wa idara ya mikataba, ambaye cheo chake kimeandikwa kwenye ingizo hilo, ikiwa na namba za mikataba yenyewe ili aifungue na kuiona.